Maoni Juu ya Karatasi za Mtihani Zitungwazo kwa Kiingereza

Karatasi ya mtihani ni andiko kama maandiko mengine. Ina mwandishi wake na wasomaji wake, nao wasomaji hao huisoma kwa bidii kuliko msomaji wa kitabu cho chote, maana mwaka wao mzima waweza kutegemea sentensi moja. Walakini ni nadra kumwona mtu akiihakiki. Vitabu twavihakiki, mashairi twayahakiki, hata barua ya posa twaipima neno kwa neno kabla ya kuijibu. Lakini karatasi ya mtihani twaifungia kabatini, na kinachotoka nje ni alama tu. Basi nataka kuihakiki moja mbele ya ndugu zangu walimu. Nimeichagua iliyo mbaya, wala sitamwonea mtu haya, kwa kuwa mtungaji wake ni mimi.

Ni karatasi ya Jiografia ya kidato cha kwanza, iliyofanywa mwisho wa muhula wa kwanza katika shule ya pwani nifundishayo. Watoto walikuwa 46. Wote, ila wachache, walitoka katika shule za msingi ambako kila somo hufundishwa kwa Kiswahili, isipokuwa Kiingereza chenyewe. Kwa hiyo siku ile walikuwa na miezi mitano tu ya kusoma jiografia kwa Kiingereza. Maswali yalikuwa manane na alama 50. Niliitunga jioni moja nikitazama karatasi za miaka ya nyuma, nikaokota sentensi huku na sentensi huku, na nilipomaliza nikaisoma kwa sauti, nikaona nimeandika Kiingereza kizuri. Hapo ndipo kosa lilipoanza. Nilijisomea mwenyewe, na mimi sikuwa mmoja wa wale 46.

Swali la tatu, lenye alama 10, lilihusu pepo za pwani yetu. Kwa maneno ya Kiswahili lilitaka mtoto aeleze sababu za upepo kugeuka mara mbili kwa mwaka katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Lakini kwa Kiingereza sikusema hivyo. Nilianza na maneno mawili ambayo watungaji wa mitihani huyapenda mno, "account for", kisha nikaweka jina refu la tendo mahali ambapo mtu wa kawaida angetumia kitenzi, kisha nikaongeza kishazi cha kumkumbusha mtoto atumie maarifa yake ya mgandamizo wa hewa, na yote haya nikayatia katika sentensi moja bila nukta. Watoto 19 hawakuandika neno. Mmoja aliandika, kwa mwandiko mzuri sana, ya kwamba akaunti ni ya kuwekea fedha benki. Nilicheka, nikampa sifuri, nikaendelea.

Miongoni mwa wale 19 alikuwamo binti mmoja, mtoto wa mvuvi, aliyepata alama 14 katika 50. Sikumwita kwa sababu ya swali lile, ila kwa kuwa darasani alikuwa hasinzii kama wengine, nikataka kujua kama yu mgonjwa au nyumbani kuna shida. Alisema hapana, hakuna shida. Ndipo nikamfunulia karatasi nikamwuliza kwa nini swali la tatu aliliacha tupu. Akanijibu, "Mwalimu, nilidhani swali la kutunza hesabu limechanganyika humu kwa bahati mbaya, nikaona nisiliguse."

Nikamwuliza lile lile kwa Kiswahili. Alinyosha mkono kuelekea dirishani, akasema, "Hii inayovuma sasa ni kusi. Kaskazi huja kama Desemba, na zamani ndiyo iliyokuwa ikiwaleta watu wa majahazi kutoka Uarabuni. Halafu kusi huwarudisha kwao." Nikamwambia hayo ameyapata kwa baba yake, mimi nataka sababu. Akafikiri kidogo, akasema ya kuwa wakati wa jua la kaskazini bara la Asia hupata joto kuliko bahari, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huenda kushika mahali pake. Na jua likirudi kusini bara lile hupoa, mambo hugeuka. Juu ya mzunguko wa dunia kupindisha mwendo wa upepo hakusema kitu, na nilipomwuliza habari za mgandamizo alichanganya wa juu na wa chini. Kwa kipimo changu mwenyewe jibu lile lilistahili 6. Sikuwa tayari kumpa 10, wala leo nisingempa. Lakini tofauti ya 6 na sifuri si ndogo, tena ile sifuri nilikuwa nimekwisha kuiandika katika daftari la shule kwa wino.

Usiku ule niliisoma karatasi yangu upya, safari hii polepole, nikijitahidi kuwa mtoto wa kidato cha kwanza. Niliyoyaona ndiyo nitakayoyaeleza, kwa kuwa nadhani si yangu peke yangu.

Swali la kwanza lilikuwa la majibu ya ndiyo na hapana. Kipengele kimoja kiliuliza kwa njia ya kukanusha: je, Dar es Salaam haiko kaskazini ya Tanga? Kila mtoto ajua ya kuwa Dar es Salaam iko kusini ya Tanga. Lakini Mswahili akiulizwa, "Hukwenda sokoni?" naye hakwenda, hujibu, "Ndiyo, sikwenda," maana "ndiyo" yetu huyakubali maneno ya mwulizaji. Mwingereza akiulizwa hivyo hujibu "no", kwa kuwa neno lake hufuata tendo lenyewe, wala si kauli ya aliyeuliza. Basi watoto wengi waliandika "yes", kwa maana ya kwamba ndivyo, haiko kaskazini. Nami niliwakosesha wote. Kila aliyekosa aliijua ramani, na sarufi ya lugha yake aliishika sawasawa. Jambo hili la kujibu ulizo la kukanusha ni zuri, lastahili kufundishwa katika kipindi cha Kiingereza kwa mifano mingi, lakini ndani ya swali la ramani lilikuwa mtego, na mtego huo sikuutega kwa kusudi. Niliutega kwa kutojua kwamba nautega.

La pili lilikuwa la longitudo na saa. Ikiwa Greenwich ni saa sita mchana, je, mahali palipo kwenye nyuzi 45 mashariki ni saa ngapi? Nyuzi 15 ni saa moja, kwa hiyo 45 ni saa tatu mbele. Mwingereza huandika 3. Mtoto aliyehesabu vema kabisa alipata saa tisa alasiri, akaandika 9. Nimezihesabu karatasi zilizoandikwa hivyo, zilikuwa saba, na katika nne kazi ya kugawanya na kujumlisha ilionyeshwa pembeni bila kosa lo lote. Mwalimu anayesahihisha haraka hutazama 9 na kupiga mstari. Tena wengine walichanganya, wakaanza na saa ya Kiingereza wakamaliza na saa ya Kiswahili, na hao ni vigumu kuwatambua. Dawa yake ni rahisi mno: andika swali kwa saa za tarakimu 24, au mwagize mtoto aeleze ni saa za namna gani. Lakini dawa hiyo haimjii mtu asiyeuona ugonjwa.

Yako maneno ambayo mtoto ayajua, na kwa sababu ayajua humpoteza. "Mouth" ni kinywa; mtoto hajaambiwa ya kuwa mto nao una kinywa, ijapokuwa sisi wenyewe twasema mlango wa mto, nao si mlango wa mbao. "Table" ni meza, naye aambiwa atazame "table" iliyo juu ya swali, hali juu ya swali pana mistari na tarakimu. Neno "relief", ambalo kwa watu wa jiografia ni sura ya nchi, milima na mabonde yake, mmoja alilieleza kwa habari za chakula cha msaada wakati wa njaa, na kwa kweli jibu lake lilikuwa na akili. Maneno magumu marefu hayana hatari kama haya mafupi. Neno refu la kitaalamu mtoto alilikuta darasani kwa mara ya kwanza, akalikariri pamoja na maana yake. Neno fupi alikuja nalo kutoka mahali pengine, na maana yake nyingine hakuna aliyemwonya.

Juu ya usahihishaji nitasema machache. Nilikuwa na desturi ya kupunguza nusu alama kwa kila neno lililoandikwa vibaya. Mtoto aliyeandika "evaporesheni" nilimkata nusu, hali ameonyesha kwa mchoro jinsi maji ya bahari yapandavyo na kurudi kuwa mvua. Aliyeandika "he" kwa mwanamke nilimkata pia, kana kwamba lugha yetu haina "yeye" mmoja kwa wote. Siku hizi nazungushia duara kwa penseli, aone, lakini alama siigusi. Mwalimu wa Kiingereza ana karatasi yake, naye ana haki ya kuyapima hayo humo.

Mnunuzi wa karafuu hutoa kwanza uzito wa gunia, ndipo atajapo bei ya karafuu. Sisi twaweka juu ya mizani jiografia na Kiingereza katika gunia moja, twaandika tarakimu moja, na kusema hii ni jiografia. Mzazi huisoma hivyo, mkuu wa shule huisoma hivyo, na mtoto mwenyewe huisoma hivyo, na hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa huamini. Binti yule alikuwa amekwisha kumwambia mama yake ya kuwa jiografia imemshinda, na kidato cha tatu ataichagua njia nyingine.

Wako watakaosema ya kuwa shina la mambo haya si karatasi, ni lugha ya kufundishia. Ni kweli, nami sitaki kujifanya sijui. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 ya kwamba sekondari nazo zianze kutumia Kiswahili mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania, wakaona kwamba cha sekondari hakitoshi kabisa kujifunzia masomo mengine. Na hata hivyo ushauri wao ulikuwa Kiingereza kiendelee. Mradi wa LOITASA, uliowaunganisha watafiti wa Tanzania, Afrika ya Kusini na Norwei, uliwafundisha baadhi ya watoto wa kidato cha kwanza kwa Kiswahili na wenzao kwa Kiingereza, nao waliofundishwa na kupimwa kwa Kiswahili walijibu vema zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, lakini sekondari zetu za serikali mpaka leo zaendelea na Kiingereza. Mambo hayo yaamuliwa juu, nasi twayasikia. Lakini karatasi ya mwisho wa mwezi na ya mwisho wa muhula haitungwi juu. Naitunga mimi, mezani pangu. Hakuna waraka wo wote ulioniamuru kuandika "account for".

Hata nje ya nchi yetu jambo hili limewafikisha watu mahakamani. Katika jimbo la California, huko Marekani, watoto wa watu waliotoka Meksiko walipimwa akili kwa Kiingereza, wakapelekwa katika madarasa ya watoto wenye upungufu wa akili. Watoto tisa wakashtaki kwa njia ya wazazi wao, na kesi hiyo yajulikana kwa jina la Diana; walipopimwa tena kwa Kihispania wengi wao walionekana hawana upungufu wo wote. Mwaka 1970 ikakubaliwa ya kwamba mtoto apimwe pia kwa lugha ya kwao. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Lau, iliamua juu ya watoto wa Kichina wa San Francisco ya kuwa kuwapa vitabu na walimu wale wale wapewavyo wenzao si usawa, ikiwa hawafahamu lugha inayotumiwa.

Baadaye Jamal Abedi na Carol Lord walichukua maswali ya hesabu, wakayaandika upya kwa Kiingereza chepesi bila kuigusa hesabu yenyewe, wakawapa zaidi ya watoto 1,000 wa darasa la nane. Matokeo yao, yaliyochapwa mwaka 2001, yaonyesha faida ndogo, lakini ya kweli, na waliofaidi zaidi ni wale waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Naipenda habari hii kwa sababu ya udogo wa faida yake. Yanizuia nisiwaambie wenzangu ya kuwa karatasi nyepesi hufanya miujiza. Tena tukumbuke tofauti: kule mtoto wa namna hii ni mmoja kati ya wengi wanaozaliwa na Kiingereza, na mwalimu wake huzaliwa nacho, hapa kwetu darasa zima ni la wajifunzao, na mwalimu naye, nikisema kweli, angali anajifunza. Kwa hiyo makosa ya karatasi zetu ni ya namna mbili. Mara Kiingereza ni kigumu mno kwa mtoto, na mara si Kiingereza sawasawa hata kidogo, na mtoto aliye hodari ndiye atakayepotea.

Niliposema haya katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja, mtu mwenye busara ambaye amefundisha miaka mingi kuliko mimi, alinipinga, nami nayaandika maneno yake kwa kuwa yana uzito. Alisema, "Bwana, ukiwazoesha maji ya kisimani, siku ya bahari watazama. Mtihani wa taifa hautaulizwa kwa Kiingereza chako chepesi." Nilikaa na jibu hilo siku nyingi. Mwisho niliona ya kuwa ana haki katika jambo moja: mtoto lazima ayajue maneno ya mtihani. Lakini kumpa swali asilolielewa na kumnyima alama si kumfundisha neno hilo. Sasa mwezi wa pili wa kila mwaka natumia vipindi viwili kwa maneno ya kuamuru tu. Naandika ubaoni "state", "outline", "distinguish", "account for", na kwa kila moja twafanya jibu pamoja juu ya kitu wanachokijua, kama vile bei ya samaki au ubovu wa barabara. Kisha katika karatasi ya muhula wa kwanza natumia neno jepesi; katika ya pili naweka lile gumu na jepesi pamoja; kufika kidato cha pili gumu husimama peke yake. Mwenzangu alisema huo ni ujanja wa kumwachisha mtoto ziwa. Sikukataa.

Jambo moja silikubali, nalo ni alama za huruma. Wapo walimu ambao, kwa kuona watoto wanahangaika na lugha, humwongezea kila mmoja alama tano, au hutunga maswali ya jina la mlima na jina la mto tu, ili darasa lipendeze. Hiyo ni dhuluma nyingine yenye uso mwema. Yapasa kupunguza uzito wa lugha, si uzito wa jambo. Swali la kugeuka kwa upepo ni gumu, na likae gumu. Fikira zake zibaki zile zile tatu, ila sentensi ziwe tatu pia, kila moja na kitenzi chake.

Wala sipendi dawa inayotumiwa sana siku hizi, ya kugeuza kila swali liwe la kuchagua jibu moja katika manne. Twadhani ni rahisi kwa asiyejua kuandika Kiingereza. Lakini mtoto aliyekuwa na sentensi moja ya kusoma sasa anazo tano, nazo nne zimetofautiana kwa kineno kimoja, "only" au "except" au "unless". Na asiyejua kitu hubahatisha, akapata moja katika kila nne. Mwalimu husahihisha upesi, ndiyo, na nadhani hiyo ndiyo sababu ya kweli. Karatasi zinazouzwa mjini zimejaa maswali ya namna hii. Katika moja niliyoletewa mtoto aliulizwa mkulima hupanda katika majira gani, akapewa achague katika majira manne ya Ulaya. Masika na vuli havikuwamo.

Kamusi nayo husifiwa. Nilijaribu kuwaruhusu waje na kamusi, nikaona waliozoea kuitumia walisaidiwa, na wasioizoea walitumia nusu ya saa kutafuta "the". Afadhali orodha fupi ya maneno kumi na mawili chini ya karatasi, kila neno na Kiswahili chake, yale tu ambayo si jambo linalopimwa. Neno likiwa ndilo linalopimwa, usiliweke. Niliwahi kusahau kanuni hii, nikaweka tafsiri ya "erosion" chini ya swali lililouliza maana ya "erosion", na siku ile darasa zima lilifaulu.

Kuuliza kwa mdomo ndiko nilikokupenda kuliko yote, lakini hesabu yake ni kali: watoto 46 kwa dakika tano ni dakika 230, karibu saa nne, na hapo mwalimu ana madarasa manne mengine. Kwa hiyo nawaita wale tu ambao karatasi yao yapingana na niliyoyaona darasani. Huwa ni watano au sita. Nawauliza kwa Kiswahili, nao hujibu kwa Kiswahili, na katika daftari langu naandika alama mbili, ya karatasi na ya mdomo, kila moja katika safu yake, nisije nikazichanganya tena.

Mwezi wa Septemba niliwapa swali la pepo upya. Niliweka ramani tupu ya pwani pamoja na Uarabuni na Bara Hindi, nikawaagiza kwanza wachore mishale ya upepo wa Januari na wa Julai. Kisha waandike ni wapi hewa ina joto zaidi katika mwezi wa Julai, juu ya bara la Asia au juu ya bahari. Kisha waeleze, kwa sentensi mbili au tatu, kwa nini mishale imegeuka. Niliruhusu majina ya kaskazi na kusi, kwa kuwa ni majina ya pepo zenyewe, nayo yametupa kaskazini na kusini. Alama zilibaki 10.

Walioacha nafasi tupu walikuwa wanne. Hata hivyo wengi hawakuvuka 5, na safari hii sikuweza kuisingizia karatasi. Niliyasoma majibu yao nikaona ya kwamba habari za mgandamizo wa hewa walikuwa hawakuzifahamu tangu siku nilipozifundisha, maana nilizifundisha kwa Kiingereza kile kile cha swali la kwanza, nao waliandika ubaoni yote wakanyamaza, nami nikauchukua ule unyamavu kuwa ni kuelewa. Karatasi ile mbaya ilikuwa imenificha miezi mitatu.

Binti wa mvuvi alichora mishale kwa usahihi, na pembeni akachora jahazi lenye tanga, jambo ambalo sikuliomba. Akaandika mistari minne ya Kiingereza chenye makosa yake, lakini maana ilionekana. Nilimpa 7. Kosa lake kubwa lilikuwa kwamba aliweka mgandamizo wa juu mahali penye joto, kwa kuwa alidhani kitu kikipata moto hujaa na kusukuma, kama sufuria yenye kifuniko. Nilitazama nyuma katika karatasi nyingine, nikakuta watoto tisa wamefikiri hivyo hivyo. Kesho yake nilikwenda darasani na mshumaa na vipande vya karatasi nyembamba, tukaanza hapo kwenye sufuria.